Fundi Vigae Ajifunza Gadi ya Mpira

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Mama hapo mlipo. Huku tunaendelea vizuri, ukiondoa mgongo wangu, ambao tangu nianze kazi hii ya vigae haujawahi kuniambia asante. Jino la Mama limeng'olewa au bado linabembelezwa? Jirani wa chini, yule anayeazima toroli langu na kulirudisha na matope ya watu wengine, anawasalimu. Kazi ipo. Nimemaliza bafu nne za nyumba ya wageni, na katika bafu zote nne sikukuta kona moja iliyonyooka. Aliyejenga pale sijui alikuwa amemkasirikia nani.

Sasa jambo lenyewe. Usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza unijibu. Nimejiunga na klabu ya jiujitsu, mchezo wako ule wa kukabana sakafuni. Ndiyo, mimi. Ni Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vipuri. Nina sare nyeupe inayonibana kwapani na mkanda mweupe ambao siwezi kuufunga bila kumchungulia wa pembeni. Naomba unifundishe kwa barua ile gadi ya mpira, uliyomshindia yule dada mrefu kwenye picha iliyoko ukutani kwa Mama. Kocha wetu anasema wanaoanza hawafundishwi hiyo. Wewe umefundisha watu miaka mingi; na mimi nifundishe.

Simu usinipigie kwa hili. Unajua ulimi wangu ukikwama kwenye herufi moja, salio linaisha tukiwa bado kwenye salamu. Kwenye karatasi kigugumizi hakinipati.

Na usiniulize kwa nini.

Kaka yako

Tarehe 21 Februari

Kaka yangu kipenzi, Bwana Pimamaji,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mteja aliyekuwa akijaribu miwani akadhani namcheka yeye, akaivua na kuondoka. Bosi amenuna hadi leo. Mama nimemsomea barua yako mara mbili. Ameuliza, mtu wa miaka arobaini na saba anatafuta nini sakafuni ambacho hakukiona miaka ishirini na tano yote aliyotambaa huko? Jino limetoka. Amelifunga kwenye karatasi na anawaonyesha wageni kabla hawajaketi.

Haya, somo. Gadi ni kupigana ukiwa umelala chali, mwenzako amepiga magoti katikati ya miguu yako. Asiyejua anadhani wa chini ameshashindwa. Wapi! Wa chini ana miguu miwili na mikono miwili, na wa juu ana kazi ya kuvitoka vyote vinne. Sasa ile ya mpira, unamvuta mwenzako kichwa mpaka kilale kifuani kwako, kisha unapandisha mguu wako mmoja juu ya bega lake, karibu kabisa na shingo, na muundi wako unaushika mwenyewe kwa mkono usishuke. Akitaka kuinuka anakuta anainua na wewe. Inaitwa ya mpira kwa sababu mwili unatakiwa uvutike.

Na wewe kaka huvutiki, tusidanganyane. Robo karne umepiga magoti kwenye saruji. Kwa hiyo sheria ni moja: miezi mitatu, nyonga tu. Kaa chini, unganisha nyayo, acha magoti yashuke yenyewe. Halafu beba muundi wako kwa mikono miwili kama mtoto mchanga na uubembeleze. Goti linajua kukunja na kukunjua, kuzunguka halijui. Anayezunguka ni nyonga. Nyonga isipofunguka, goti ndilo litakaloumia. Ukisikia goti linalalamika, acha hapo hapo. Umesikia? Hapo hapo.

Sikuulizi kwa nini, kama ulivyoagiza. Nauliza lingine. Umemtaja Mama, umemtaja jirani na toroli, umetaja mpaka kona za bafu za watu. Mwanao Njiti hujamtaja. Mtoto wetu yukoje? Tangu tumzike wifi yangu, mwaka na nusu sasa, barua zako zinampita huyo mtoto kana kwamba hakai nyumbani kwako.

Mdogo wako anayekupenda na anayekucheka

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Poleni na bosi, hongereni na jino. Mwambie Mama nimeshaona mengi sakafuni, ikiwemo pete ya ndoa ya mtu ndani ya bomba, na sikumwambia mwenyewe niliikuta bomba la nyumba gani.

Njiti yupo. Ana miaka kumi na tano, ananizidi kimo ukimhesabia na nywele. Shuleni hana tatizo. Nyumbani tunaishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Siku moja anapika yeye, siku moja mimi, na kila mmoja anamwachia mwenzake sahani imefunikwa. Hanitukani, hanijibu vibaya. Hanijibu tu. Unakumbuka mama yake ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Nikikwama, anamgeukia mtoto anasema, "Baba anamaanisha hivi," na kweli ndicho nilichokuwa nakimaanisha. Sasa hakuna wa kumgeukia mwenzake.

Basi kwa nini yenyewe hii hapa, maana najua hutalala. Aliyeanza klabu ni yeye. Siku moja mvua ilinyesha nikapita kumchukua, nikasimama dirishani, nikamsikia anacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu msiba. Jumanne iliyofuata nikaenda kununua sare. Anaipenda hiyo gadi ya mpira kuliko chakula, na hana wa kuifanyia mazoezi, wenzake wote wakavu kama mimi. Nikiijua mimi, atanihitaji. Mwanangu namtaka arudi, mdogo wangu. Sijui njia nyingine.

Nyonga: nimepima kwa futi ya chuma kutoka sakafuni hadi goti. Kulia sentimita thelathini na moja, kushoto thelathini na tatu. Yaani hata mimi nimejengwa na yule yule wa nyumba ya wageni. Kocha, ambaye mchana ni mwoka mikate na ananukia hamira mpaka shingoni, anasema nina moyo. Hakusema kitu kingine chochote nilicho nacho. Juzi nilikabwa koo na karani wa maktaba, mama mmoja mpole sana, aliniomba radhi mara mbili kabla na mara moja baada.

Tuma somo la pili.

Kaka yako

Tarehe 2 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Nililia, halafu nikafika kwa karani wa maktaba nikacheka, Mama akaja kunishika paji la uso kuona kama nina homa.

Somo la pili ni somo la kwanza. Nyonga. Hata kama umefika sentimita ishirini na tano, nyonga. Nakujua wewe, ukipewa kazi ya wiki unataka kukabidhi Alhamisi. Mwili haukabidhiwi Alhamisi. Tafadhali, kaka, usiulazimishe.

Sasa niache nikuulize kama dada, si kama mwalimu. Kuna nini kati yako na Njiti? Kufiwa mmefiwa wote, na kufiwa kwa kawaida kunawasogeza watu. Siku ya mazishi mtoto alikaa mapajani mwangu, mkubwa vile, akakataa kukaa upande wako. Nilidhani ni uchungu tu utapita. Haukupita. Niambie kilichotokea. Hata kama ni kibaya, mimi ni wako.

Mama anasema ule.

Mdogo wako

Tarehe 20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wiki saba sasa. Ya Aprili hukujibu, na ile fupi niliyotuma mwanzoni mwa Mei hukujibu. Mama anajifariji kwamba umebanwa na kazi. Mimi najua wewe ukinyamaza mdomoni ni kawaida, ukinyamaza kwenye karatasi kuna jambo. Nimempigia jirani wa toroli. Kasema, "Yupo, ila siku hizi anatembea polepole." Polepole kwa nini?

Niandikie hata mstari mmoja. Nimekukosea nini?

Mdogo wako

Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Hujanikosea. Nilikuwa naona aibu. Salamu kwa Mama, na hii usimsomee. Au msomee, ataipata tu.

Ilikuwa katikati ya Aprili, niko peke yangu kwenye bafu la nyumba mpya. Magoti yalikuwa yamegoma kwenye sentimita ishirini na saba kwa siku kumi mfululizo. Uliniambia yashuke yenyewe. Mimi nikafikiri kifundi: kigae kikikataa kulala, unakiwekea uzito mpaka gundi ishike. Wakati wa mapumziko nikakaa, mgongo ukutani, nyayo pamoja, nikaweka vigae vitano kila goti. Yakashuka! Nikafurahi kama mjinga, nikaongeza vitano. Yakashuka tena. Nikavuta boksi zima kila upande.

Kuna kitu kikalia ndani ya goti la kulia. Nyonga zikakaza, sikuweza kukunjua wala kukunja, na kwa mkao ule boksi sikuweza kulinyanyua. Nikakaa pale, nimetandikwa vigae mapajani, jasho linanitoka. Jirani nilimpigia hakupokea. Nikampigia Njiti. Sijawahi kumpigia, sisi hatupigiani. Akasema "Haloo" na mimi nikakwama kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Hakukata. Alisikiliza pumzi zangu, akauliza, "Uko kazini?" Nikagonga simu kwa ukucha mara mbili. Klabuni ukizidiwa unamgonga mwenzako hivyo, maana yake basi, niachie. Akaja na baiskeli, sare ya shule imepanda mpaka magotini.

Alisimama mlangoni akaniangalia mimi na boksi zangu. Akacheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. Halafu ghafla akaanza kulia, analia huku ananishushia vigae kimoja kimoja, akasema, "Ungefia humu, nani angekuja kuniambia? Nani, Baba?"

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Siku mama yake alipofariki nilitoka hospitali nikaenda shuleni kwake kwa miguu, nataka nimwambie mimi mwenyewe, asisikie kwa mtu. Wakamwita akaja getini. Akauliza, "Mama vipi?" Nikafungua mdomo na neno halikutoka. Nilijaribu, mdogo wangu. Mungu anajua nilijaribu. Yeye anauliza tena, mimi midomo inacheza tu, na mlinzi wa geti, ambaye habari zilishamfikia, akaona tunateseka, akamwambia yeye, kwa huruma, mbele yangu. Njiti alimtazama mlinzi, kisha akanitazama mimi. Anaamini nilimwachia mtu baki kazi ya baba. Tangu siku ile hajaniuliza swali lolote mpaka siku ya vigae, na lile la "Nani, Baba?" nimeshindwa kulijibu.

Daktari anasema kano imevutika, haikukatika. Miezi mitatu bila kupiga magoti. Fundi vigae bila magoti, nakaa dirishani nahesabu watu. Klabu nadhani basi tena.

Kaka yako

Tarehe 10 Juni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo na pole, pole sana, pole ya goti na ya lile geti. Muda wote huu umelibeba peke yako! Nimesoma barua yako dukani nikiwa nyuma ya mashine ya kusaga lenzi, nikamwambia bosi vumbi limeniingia machoni.

Kabla sijakugombeza kwa boksi za vigae, nina la kukiri. Ile miezi niliyochechemea, nikawaambia wewe na Mama kwamba nimeanguka kwenye ngazi za hapa kwetu, sikuanguka. Nilikuwa nina miezi miwili tu ya kujifunza hii gadi ya mpira, nikaona wenzangu wanapandisha mguu, nami nikauvuta wangu kwa nguvu na nyonga hazijafunguka. Goti likalia kama lako. Mama alikuwa amenikataza mchezo, nikaona ngazi hazina mdomo wa kujitetea. Na wewe, kaka yangu, ukasafiri siku mbili na gunia la zana, ukang'oa vidato vyote kumi na vinne na kuviwekea vigae visivyoteleza, huku unawatukana mafundi wa huku. Mimi nakupikia chai na nasema ndiyo kaka, zilikuwa zinateleza kweli. Ngazi hazikuwa na kosa.

Nimemsomea Mama hapo hapo ili nimalize aibu zote siku moja. Kandambili imenipata begani. Sasa kila akipanda anasimama katikati na kuziomba radhi ngazi kwa sauti, majirani wasikie.

Nisikilize. Klabu si basi. Ulikosea mwalimu, ndilo kosa lako kubwa kuliko vigae. Umeandika barua ya siku mbili njiani kuomba kitu kilichopo chumba cha pili. Goti likipona, mwombe Njiti akufundishe, na akikwambia taratibu, iwe taratibu.

Na lile la getini. Naweza kumwandikia leo, nikamweleza kwamba ulikwama, hukukimbia. Kalamu ilishagusa karatasi. Nimeiweka chini. Amekuwa na mtu wa kumweleza maana yako tangu azaliwe, na akija shangazi naye kushika zamu, mtabaki wapangaji. Hilo ni lako, kaka. Hata likichukua mwaka.

Mdogo wako mwongo

Tarehe 6 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Ngazi nimezisamehe, wewe bado nakufikiria. Nilibeba gunia la kilo thelathini kwa ajili ya uongo ule, na nilitapika kwenye basi mara mbili. Goti limepona, nimerudi kazini tangu mwishoni mwa Julai. Jirani ameharibu toroli. Ameniletea lingine jipya, na sasa analiazima hilo.

Nilimwomba Njiti kama ulivyosema. Niliandika kwenye karatasi, nikaiweka juu ya sahani aliyoniachia: "Nifundishe." Kesho yake nikakuta amejibu chini yake: "Bila vigae." Tukaanza sebuleni, Jumapili asubuhi, makochi tumeyasukuma ukutani. Ni mwalimu mkali, amekurithi wewe. Nikikaza uso tu anasema, "Hapana, Baba, pumua," na anahesabu hadi sitini kwa uvivu wa makusudi. Magoti sasa ni sentimita kumi na tisa na ishirini. Anapima yeye, haniamini na futi.

Alhamisi iliyopita tulikuwa klabuni, dakika za mwisho. Nimelala chali, yeye juu. Nikamvuta kichwa kikalala kifuani kwangu, nikapandisha mguu, nikangoja nyonga ikubali, ikakubali. Mguu ukapita begani kwake, nikaushika muundi. Mdogo wangu, mguu uliingia! Nikasubiri ajichomoe, maana anajua njia tatu za kutoka pale na zote amenifanyia. Hakujichomoa. Kocha akapiga kofi kwamba muda umekwisha, watu wakainuka kwenda kunywa maji. Yeye akabaki vile vile, sikio kifuani kwangu, uso ameugeuzia ukutani.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile getini, ulikuja kuniambia?"

Nikatikisa kichwa kukubali, lakini pale alipo hawezi kuniona. Nikataka kumgonga mgongoni, akajua, akaukamata mkono wangu.

"Usigonge. Sema. Nitasubiri."

Nikaanza. Nilikwama kwenye neno la kwanza, nikakwama kwenye la pili, na kwenye neno "Mama" nilikaa muda mrefu kuliko getini. Karani wa maktaba alikunywa maji yake, akakunja sare yake, akavaa viatu, akashuka ngazi. Kocha alizima taa za upande mmoja akatuachia upande wetu. Nikasema kwamba nilikuja. Kwamba nilikuja mimi, kwa miguu, na nilitaka alisikie kwangu. Nikamwambia pale pale, kwa maneno yale yale niliyotembea nayo siku ile kutoka hospitali, kwamba mama yake amefariki na mimi nipo.

Maisha yangu yote watu wakiniona nimekwama hunimalizia neno, kwa wema tu. Wewe hunimalizia, Mama hunimalizia, marehemu alinimalizia miaka kumi na sita. Njiti alikuwa analia, machozi yamenilowesha sare mpaka ndani, na hakunimalizia hata neno moja.

Kaka yako